Mshiriki Namba Nne

Darasa la shahada ya uzamili ya usalama wa kimataifa lilikutana jioni, kwa sababu wengi wa wanafunzi wake mchana walikuwa kazini wakiulinda huo usalama. Walikuja na viatu vya kung'aa na simu mbili mbili, wakakaa viti vya nyuma, wakasinzia kwa heshima. Raia walikuwa wachache. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa historia wa sekondari, mwanamke mwembamba aliyekaa mbele kabisa na kuandika hata mizaha ya Profesa. Wote walimwita Mwalimu, Profesa mwenyewe pia.

Jioni hiyo ilikuwa zamu yake kuwasilisha. Tasnifu yake ilihusu vijana waliovuka mpaka wakaingia katika makundi ya porini, kisha wakarudi makwao kimyakimya. Wenzake waliomtangulia walikuwa wameleta takwimu za watu wengine. Yeye alibonyeza kitufe, na spika ikatoa sauti ya mtu.

Sauti ilikuwa imepotoshwa kwa kompyuta isitambulike, ikawa nzito kama ya mtu aliyeingia ndani ya pipa. "Niliambiwa kuna kazi ya jenereta," ilisema. "Na kweli, jenereta zilikuwepo. Nilizitengeneza. Mmoja ananimulikia tochi, mwingine ananielekezea bunduki. Mpaka leo sijui ni yupi kati yao alikuwa msaidizi wangu." Kikafuata kicheko kidogo. Nyuma ya maneno yake palisikika mlio wa mashine fulani, tiki-tiki-tiki, halafu ko! Kisha tena tiki-tiki-tiki, halafu ko!

Darasa zima likaamka.

"Huyu ni nani?" mtu mmoja akauliza.

"Ni Mshiriki Namba Nne," akajibu Mwalimu.

"Safi," akasema Profesa. "Jina halitajwi, hata mbele yangu. Huyu mtu ni dhahabu, Mwalimu. Tasnifu yote ijengwe juu yake. Nitumie hiyo rekodi niwagawie wote waisikilize tena."

Kutoka nyuma akasikika mwanafunzi mmoja mnene, mpole, ambaye darasani walimwita Afande ingawa maafande walikuwa wengi mle. "Na hiyo ko-ko ni nini?"

"Mashine tu ya jirani," akasema Mwalimu. Ulikuwa uongo mdogo, na alikaa chini akiwa na furaha tele. Hakuna aliyekuwa amemsikiliza hivyo tangu aanze masomo.

Afande alikuwa na desturi ya kumpa lifti hadi kona ya mtaa wao. Jioni hiyo alilalamika njia nzima kwamba anapandishwa cheo, kuna gwaride, na suruali ya sare haimwingii tena.

"Kaka, mume wangu si fundi wa sare?" akasema Mwalimu. "Mlete huyo mwenye tumbo. Atapanuliwa kiuno mpaka apumue."

"Umenisaidia, dada. Nitakuja Jumamosi."

Mwalimu alishuka akiwa ameridhika. Alikuwa amempatia mumewe mteja, na wateja siku hizo walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Kuhusu cherehani hakuwaza kabisa.

 

Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu, na cha mbele kilikuwa cha kazi. Hapo Fundi alishona sare za shule, za walinzi na za wauguzi, akapanua viuno vya wanaopanda vyeo na kupunguza vya waliostaafu. Ada ya chuo ilitoka kwenye sare hizo. Majirani walisema wake za wenzake wanazaa watoto, wa kwake anazaa vyeti. Fundi aliwajibu kwamba cheti hakilii usiku, kisha akaingia ndani na hakuongea na mtu mpaka wakati wa kula.

Cherehani yake ilikuwa na ugonjwa. Kila baada ya mishono michache kitu kiligonga ndani, ko! Mdogo wake, aliyekuwa fundi wa mitambo, alikuwa ameahidi kuitengeneza tangu aliporudi.

"Lini?" Fundi alimuuliza kila asubuhi.

"Kesho, kaka. Hiyo haiumwi, inakohoa tu."

Ndiyo maana waliendelea kumwita Meneja. Jina hilo alilipata utotoni, kwa sababu siku ya zamu yake ya kuosha vyombo alisimama mikono nyuma akiwaelekeza wengine waoshe vipi. Alikuwa ameondoka na sanduku la spana kwenda ng'ambo kufanya kazi ya jenereta, akapotea, kisha alfajiri moja akagonga mlango wa nyuma, amekonda hadi masikio yakaonekana makubwa. Mama yao aliyemfungulia hakuuliza alikuwa wapi. Aliuliza, "Umekula?" Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini, na mama huyo hakuwa mtu wa kumhoji ng'ombe. Majirani waliambiwa kijana alikuwa machimboni.

"Machimbo gani hayo?" jirani mmoja alitania. "Hata pete ya mama hakuleta?"

"Pete imerudi kwa miguu yake," mama akajibu, na mjadala ukaishia hapo.

Huyo ndiye aliyekuwa Mshiriki Namba Nne. Watatu wa mwanzo Mwalimu aliwapata kwa kuzunguka na kubembeleza, na walimwambia waliyoambiwa waseme. Wa nne alikuwa nyumbani kwake akinywa chai. Alimwomba kwa wiki kadhaa, akamweleza kwamba jina halitatokea, wala mtaa, wala umri. Meneja alikubali siku mvua ilipomzuia asitoke. "Andika, shemeji. Labda mmoja atasoma asiende." Walikaa chumba cha kati, na Fundi alikuwa chumba cha mbele akishona.

Jioni ile Mwalimu aliporudi kutoka darasani alimkuta Meneja akimenya viazi na mama.

"Profesa amesema wewe ni dhahabu."

"Si nilitoka machimboni?" akasema Meneja. Walicheka mpaka mama akajifuta macho kwa kanga.

 

Afande alikuja Jumamosi kama alivyoahidi, akiwa amevaa nguo za kiraia, na suruali ya sare imekunjwa kwenye mfuko wa plastiki. Fundi alimpokea kwa heshima zote. Akamfungulia utepe wa kupimia kiunoni huku pini zikiwa mdomoni.

"Cheo kimeingia kwanza tumboni, bosi," akasema kati ya meno. "Mabegani kitafuata."

Afande akacheka mpaka utepe ukateleza. Meneja alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba cha kati akisoma gazeti la zamani. Alimwamkia mgeni, mgeni akaitikia.

"Kaa kidogo nikufumulie huu mshono uone nafasi iliyopo," akasema Fundi. Aliufumua, akabana kitambaa, akaketi na kukanyaga pedali.

Tiki-tiki-tiki. Ko!

Afande alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu likabaki usoni baada ya sababu yake kuondoka. Tiki-tiki-tiki, ko! Aliitazama cherehani. Kisha, polepole, akamtazama kijana aliyekuwa na gazeti, na Meneja, kwa kuona anatazamwa, akacheka kile kicheko chake kidogo. "Usijali, mzee, inakohoa tu. Mimi ndiye daktari wake."

Mwalimu aliingia na sinia la chai wakati huohuo. Aliona uso wa Afande na hakuhitaji kuambiwa kitu. Chai ilimwagika kwenye sinia na hakuifuta.

Walizungumza nje, kando ya pipa la maji.

"Dada, kwa nini ulinileta hapa?" Afande aliuliza kwa sauti ya chini, karibu ya kulalamika. "Ningejua nisingekuja. Sasa nimejua, nifanyeje na kujua huku?"

"Usifanye kitu, kaka. Ni mtengeneza jenereta. Umemsikia mwenyewe."

"Nimemsikia mimi na darasa zima. Profesa ametugawia ile rekodi, na wenzetu wameipeleka ofisini isikilizwe. Wanaitafuta hiyo mashine, unanielewa? Mwingine akija hapa na kitambaa chake, akaisikia, akakuta jina langu kwenye orodha ya wateja wa mumeo, mimi ndiye nitakayekaa kwenye kile kiti cha kuhojiwa. Nina watoto." Alijifuta shingo. "Naweza kunyamaza mpaka Jumatatu asubuhi. Zaidi ya hapo siwezi."

"Halafu?"

"Si wewe mwenyewe umeandika? Sura ya tano. Mwongozo wa kupokea warejeaji. Anayejileta mwenyewe akiwa na ndugu zake anapokelewa, anahojiwa, anarudishwa kwao. Mpelekeni basi, kabla hajafuatwa."

Alirudi ndani kuaga. Aliiacha suruali, akalipa kabla ya kazi, na kumshika Fundi mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida. Fundi akadhani amepata mteja wa kudumu.

 

Siku iliyofuata walikaa wote wanne chumba cha kati, mlango wa mbele ukiwa umefungwa na kibao cha "FUNDI YUPO" kimegeuzwa.

Fundi hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hata siku hiyo hakupandisha. "Ulimbeba ndugu yangu darasani kama chaki," alimwambia mkewe. "Ukaandika naye ubaoni."

"Nilificha jina. Nilificha kila kitu."

"Ukamleta afande kwangu nimpime kiuno. Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

Mwalimu alilia. Alikuwa amesoma vitabu vizima kuhusu namna ya kumlinda mhojiwa, na akasahau kwamba nyumba yake ina mlio.

"Muacheni," akasema mama. "Maji yakimwagika hayazoleki. Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Unasemaje?"

Hapo wote walimgeukia. Mwalimu alifuta uso, akaleta tasnifu yake, akafungua sura ya tano. Akawasomea, akiyageuza yale maneno makubwa yawe ya kawaida: serikali imeweka utaratibu, anayekuja kwa hiari hashtakiwi kama aliyekamatwa, anakaa kituoni wiki chache, familia inaruhusiwa kumwona, anarudi na barua. Alikuwa amependekeza familia zote zihimizwe kufuata njia hiyo.

"Kuna mtu umemwona karudi hivyo?" Fundi akauliza.

"Imeandikwa kwenye ripoti."

"Nimeuliza umemwona."

"Kaka, mwache," akasema Meneja. Alimtazama shemeji yake bila hasira, kama mtu anayeuliza bei. "Shemeji, wewe unauamini huo mwongozo?"

"Nauamini," akasema Mwalimu. Na alikuwa anauamini. Hilo ndilo ambalo baadaye alishindwa kumwambia mtu yeyote.

"Naweza kukimbia," Meneja akasema. "Miguu ninayo. Lakini kule nilikimbia nikija huku. Huku nikimbie nikienda wapi?" Akasimama. "Mama, usinitazame hivyo. Wiki chache tu. Nitarudi na barua, niitundike ukutani karibu na vyeti vya shemeji."

Fundi alitafuta shati lake jeupe, akalibana ubavuni limkae mdogo wake aliyekonda. Alipotaka kuketi kulishona, Meneja alimzuia. Akachukua bisibisi, akaifungua cherehani, akaingiza kidole, akakaza skrubu moja, akaweka tone la mafuta. Haikuchukua hata muda wa maji kuchemka.

"Haya, jaribu."

Fundi alikanyaga pedali. Mashine ikaenda laini, bila kugonga.

"Ilikuwa hiyo tu?" akauliza.

"Hiyo tu," akasema Meneja, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nyumbani akakosa mzaha wa kuongezea.

 

Ofisi waliyofika Jumatatu asubuhi ilikuwa na geti la bluu, benchi la saruji nje na mapokezi ndani. Karani wa mapokezi alikuwa akila karanga kutoka kwenye droo. Aliwatazama wanne wale waliovaa kama wanaokwenda kuposa.

"Mmemleta kwa kosa gani?"

"Hana kosa," akasema Mwalimu. "Amekuja kwa hiari. Kuna mwongozo."

"Mwongozo upi?"

Alimtolea nakala, imefungwa kwenye jalada safi. Karani aliishika kwa ncha za vidole vyenye chumvi, akasoma ukurasa wa kwanza, akairudisha. "Mama, hizi ni karatasi za semina."

"Imetiwa saini na waziri. Angalia hapo."

"Sijasema haijatiwa. Kaeni."

Walikaa. Walioingia baada yao walihudumiwa wakaondoka. Mama aliomba maji ya kunywa akaambiwa bomba liko nje, na bomba la nje halikuwa na maji. Mwishowe alitoka mtu aliyevaa shati la mikono mifupi, akauliza yupi ndiye, Meneja akasimama.

"Tunaruhusiwa kuingia naye," Mwalimu akasema haraka. "Kifungu cha sita kinasema ndugu mmoja..."

"Wewe ni mwanasheria?"

"Hapana. Nasoma..." Alisita. "Nasoma usalama wa kimataifa."

Yule mtu alitabasamu kwa upole wa kweli, na upole wake ndio uliomwaibisha. "Vizuri sana, dada. Endelea kusoma." Akamgeukia Fundi. "Acheni namba ya simu. Tutawapigia."

Karani aliandika namba nyuma ya bahasha iliyokwisha tumika. Meneja alimwinamia mama yake, akakubali kurekebishwa kola. Mlangoni aligeuka, akaweka mikono nyuma kama enzi za kuosha vyombo.

"Meneja anaingia mkutanoni," akasema. Mlango ukafungwa.

 

Simu haikulia. Baada ya wiki walirudi, karani akasema jalada limehamishwa. Walipouliza limehamishiwa wapi, akasema angelijua asingekuwa mapokezi. Safari nyingine walimkuta karani mwingine, na huyo alisema hakuna mtu wa jina hilo aliyewahi kupokelewa pale, labda walikwenda ofisi nyingine. Mama alimwonyesha mlango. "Aliingia hapo," akasema. "Kavaa shati jeupe." Karani akautazama mlango, kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

Afande hakuonekana tena darasani. Alimtuma mtu kuchukua suruali. Mwalimu alimpigia mpaka ile sauti ya mashine ikaanza kumwambia kwamba namba haipo. Profesa alimsikiliza ofisini mwake, akafunga mlango na dirisha.

"Pole sana, Mwalimu. Naumia kweli. Lakini ukiandika kwamba Namba Nne ni shemeji yako, kamati itaifuta kazi yote. Hairuhusiwi kumhoji ndugu."

"Basi wafute."

"Na ikifutwa, itamrudisha?"

Mwalimu akaanza kukusanya karatasi zake.

"Ukiwa na shahada angalau utakuwa mtu wa kusikilizwa," akasema Profesa. Kisha akaongeza, akitazama meza yake, "Na mimi, tuseme ukweli, mkataba wangu hutolewa upya kila mwaka."

Nyumbani cherehani ilishona bila kukohoa. Fundi hakuizoea. Mara nyingine alisimamisha mguu katikati ya mshono akasikiliza, kisha akaendelea. Hakumlaumu tena mkewe. Alimuuliza tu kama amekula, na yeye akajibu amekula, na wote wawili walijua kwamba sivyo. Mama alipakua sahani nne kila jioni na kuifunika moja.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini wa nje, bibi mmoja mwenye miwani na sauti ya kutuliza, alisifu sura ya nne. "Nimevutiwa na Mshiriki Namba Nne," akasema. "Yuko wapi sasa?"

Profesa aliinamisha macho.

"Sijui," akasema Mwalimu.

"Ni jibu la uaminifu," akasema mtahini, akaandika. "Liongeze kwenye mipaka ya utafiti. Na sura ya tano nimeipenda. Mapendekezo kama haya yasibaki kabatini."

Alifaulu kwa alama za juu.

 

Joho la kukodi lilikuwa ghali, kwa hiyo Fundi alimshonea mwenyewe, jeusi, lenye utepe wa bluu mikononi. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kushona, na alipommalizia pindo alilia, akasema ni vumbi la kitambaa. Mama hakwenda kwenye mahafali. Aliwasubiri chumba cha kati akiwa amevaa viatu.

"Sasa umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, mama."

"Una karatasi yao wenyewe?"

"Ninayo."

"Basi usivue hilo joho. Kesho ulivae twende nalo. Siku zote tunakwenda pale kama wanawake wa sokoni, ndiyo maana. Wakikuona hivyo watajua ni mwenzao, watatuambia."

Fundi alitaka kusema kitu. Mwalimu akatikisa kichwa. Angemwambia nini mama? Kwamba joho ni kitambaa tu?

Asubuhi Mwalimu na mama walikwenda, wawili tu. Watu njiani waligeuka, mtoto mmoja akapiga makofi. Mlinzi wa geti la bluu aliitazama ile kofia ya pembe nne, akanyoosha mgongo.

"Huyu ni mkwe wangu," mama akamwambia. "Ana shahada ya usalama. Tumekuja kumchukua mtoto."

"Hongera sana, mama," akasema mlinzi. "Kaeni kwenye benchi."

Wakakaa. Jua lilipanda, joho likaanza kuunguza mabega. Gari lilisimama, akashuka Afande na cheo kipya begani. Suruali ilimkaa vizuri mno.

"Ile ni kazi ya mwanangu," mama akasema. "Na yule si mwenzako wa darasani? Mwite."

Hakukuwa na haja ya kumwita. Afande alikuwa ameshawaona, na njia ya kuingia ilipita mbele ya benchi. Alisimama, akampa mama shikamoo, mama akaushika mkono wake usiondoke. "Yuko wapi, baba?" akauliza. Afande alimtazama Mwalimu, midomo ikacheza kidogo. Alionekana mgonjwa.

"Hongera kwa shahada, dada," akasema. Akauchomoa mkono wake taratibu, akaingia.

"Amesemaje?" mama akauliza. Masikio yake siku hizo yalikuwa mazito.

"Amesema hongera, mama."

Walikuwa bado wamekaa hapo alipofika mwanamke mmoja, vumbi la safari miguuni, akiwa na kijana mrefu aliyevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Mwanamke alilitazama benchi, akaliona joho, uso wake ukapata nuru. Akaja kuketi karibu kabisa.

"Afadhali nimekukuta wewe msomi," akanong'ona. "Huyu ni wa mwisho wangu. Alipotelea huko ng'ambo, amerudi. Eti ni kweli, ukimleta mwenyewe wanampokea vizuri, wanakurudishia?"

Mwalimu alimshika mkono. "Mama, mchukue mwanao. Ondokeni sasa hivi."

Mwanamke akarudi nyuma kidogo. Alilitazama tena joho, kofia, utepe wa bluu, akijaribu kuelewa. "Lakini wamesema redioni," akasema. "Juzi tu. Wamesema kuna utafiti umefanywa chuo kikuu, umeonyesha."

"Mama, nisikilize. Huo utafiti..."

"Aliyekuja kwa hiari aingie," karani akaita kutoka mlangoni.

Kijana alishajinyoosha. Mama yake akainuka naye upesi, asionekane mkaidi mbele ya wakubwa, akalamba kidole, akamfuta alama ya vumbi shavuni. Kisha akamrekebisha kola.